Jack Kirby: Mchoraji aliyewakutanisha mashujaa wa katuni, akafa akidai jasho lake

Kaa na vijana wa Kamatanda, mjini Likasi, jioni baada ya filamu kwisha, na ubishi utauzoea mara moja. Thor akikutana na Superman, nani ataanguka? Captain America na Black Panther wakiungana, nani awe kiongozi? Na yule rafiki wa shujaa asiye na nguvu yoyote ya ajabu, aende nao vitani au abaki nyumbani?

Katika ubishi huo yatatajwa majina ya waigizaji na ya kampuni za filamu. Jina ambalo ni nadra kulisikia ni la Jack Kirby. Mtu huyu alifariki mwaka 1994, kabla ya filamu hizo zote, na wengi wa mashujaa wanaobishaniwa walipita kwanza kwenye penseli yake. Captain America ni mmoja wao. Wengine ni Thor, Hulk, X-Men na Black Panther, mfalme wa nchi ya Afrika yenye madini ambayo dunia nzima inayatamani.

Kirby hakumiliki hata mmoja wao. Alilipwa kwa ukurasa, kama mchimbaji anavyolipwa kwa gunia, na safari ya mali baada ya hapo haikumhusu tena. Miaka yake ya mwisho aliitumia kudai arudishiwe karatasi alizozichora kwa mkono wake.

Mtoto wa fundi nguo

Alizaliwa Agosti 28, 1917, mjini New York, akaitwa Jacob Kurtzberg. Wazazi wake, Benjamin na Rose, walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka iliyokuwa himaya ya Austria. Baba alifanya kazi katika viwanda vya nguo, na familia iliishi Lower East Side, mtaa wa wahamiaji maskini ambako familia nyingi zilibanana katika vyumba vidogo na vijana walipigana mtaa kwa mtaa.

Alijifunza kuchora mwenyewe, kwa kutazama katuni za magazeti na filamu. Alijiunga na chuo cha sanaa cha Pratt lakini hakumaliza hata mwezi. Katika miaka ya 1930, hali ya uchumi ikiwa mbaya Marekani nzima, aliingia studio ya Fleischer iliyotengeneza filamu za katuni za Popeye. Kazi yake huko ilikuwa kuchora picha za katikati, zile zinazounganisha mwendo mmoja na mwingine. Kwake ilifanana mno na kiwanda alichofanyia kazi baba yake, akaondoka.

Alijaribu majina kadhaa ya kisanii kabla ya kutulia kwenye Jack Kirby. Karibu na mwaka 1940 akakutana na Joe Simon, mchoraji na mwandishi aliyejua pia biashara. Wawili hao walifanya kazi pamoja kwa zaidi ya miaka 15.

Ngumi ya Captain America

Mwishoni mwa 1940, kampuni ya Timely, ambayo baadaye iliitwa Marvel, ilitoa toleo la kwanza la Captain America lililoandikwa tarehe ya Machi 1941. Kwenye jalada, shujaa aliyevaa rangi za bendera ya Marekani anampiga Hitler ngumi ya taya. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, na ingesubiri hadi Desemba 1941. Kwa vijana wawili wa Kiyahudi, jalada lile lilikuwa msimamo wa kisiasa. Kitabu kiliuzwa takriban nakala milioni moja, na barua za vitisho zikafika ofisini.

Katika miezi hiyohiyo, mzigo mwingine ulikuwa ukielekea New York. Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière du Haut-Katanga, aliagiza zaidi ya tani elfu moja za mawe yenye urani kutoka Shinkolobwe, mgodi ulio takriban kilomita 20 kutoka Likasi. Mapipa hayo yalihifadhiwa Staten Island, upande wa pili wa bandari ya mji alioishi Kirby. Mwaka 1942 jeshi la Marekani liliyanunua kwa ajili ya mradi wa bomu la atomiki. Watu wa Jadotville, kama Likasi ilivyoitwa wakati huo, hawakuambiwa mali yao inakwenda kufanya nini.

Tangu toleo la kwanza, Captain America hakuwa peke yake. Pembeni yake alisimama Bucky, kijana wa kambini asiye na nguvu za ajabu. Wasomaji wengi walikuwa watoto, na kwa kumtazama Bucky kila mmoja aliweza kujiona ndani ya hadithi.

Simon na Kirby waliahidiwa sehemu ya faida. Walipoona fedha wanazopewa hazilingani na mauzo, walihamia kampuni pinzani, ambayo leo inaitwa DC. Captain America akabaki alikoachwa, mikononi mwa wachoraji wengine. Huo ulikuwa mara ya kwanza kwa Kirby kuacha nyuma shujaa aliyemzaa.

Vita halisi

Mei 1942 alimwoa Rosalind Goldstein, aliyejulikana kama Roz, na walikaa pamoja hadi kifo kilipowatenganisha. Walijaliwa watoto wanne. Mwaka uliofuata jeshi lilimwita. Agosti 1944 alitua Normandy, Ufaransa, wiki kadhaa baada ya uvamizi mkubwa wa Juni, akiwa askari wa miguu katika jeshi la Jenerali Patton.

Inasimuliwa kwamba ofisa mmoja alipogundua kuwa huyu ndiye mchoraji wa Captain America, alimpa kazi ya kutangulia mbele ya kikosi na kuchora ramani za maeneo ya adui. Ni kazi iliyoua wengi. Baridi kali iliharibu miguu yake kiasi kwamba madaktari walifikiria kuikata. Haikukatwa, naye aliachiwa na jeshi Julai 1945.

Aliporudi, wasomaji walikuwa wamewachoka mashujaa. Yeye na Simon wakageukia hadithi za mapenzi, na mwaka 1947 wakatoa Young Romance, kitabu kilichofungua njia ya aina hiyo nzima ya katuni nchini Marekani. Lakini miaka ya 1950 ilikuwa migumu. Wanasiasa na wazazi walizilaumu katuni kwa kuharibu watoto, kampuni nyingi zikafungwa, na ushirikiano wa Simon na Kirby ukaisha. Kirby alikuwa na familia ya kulisha. Mwaka 1958 akarudi kwenye kampuni ileile aliyoiacha kwa hasira.

Mashujaa wanakutana

Wazo la kuwaweka mashujaa wa hadithi tofauti kwenye kitabu kimoja halikuanza na Kirby. Mwaka 1940 Human Torch na Namor walikwishapigana katika kurasa za Timely, na DC ilikuwa na chama cha mashujaa wake. Mwaka 1960 DC ilirudia jambo hilo kwa Justice League, iliyowakusanya Superman, Batman, Wonder Woman na wenzao. Kitabu kiliuzika, na Marvel nayo ikataka kundi lake.

Kirby na mwandishi Stan Lee walijibu mwaka 1961 kwa Fantastic Four. Hawa hawakuwa chama cha watu wakamilifu. Walikuwa familia ya watu wanne wanaogombana na kununiana, na hawaishi katika mji wa kubuni bali New York. Mmoja wao, jitu la mawe liitwalo Thing, alitokea mtaa wa Yancy. Kirby aliutoa kwenye barabara ya Delancey ya utotoni mwake.

Jambo hilo la mji mmoja ndilo lililofungua mlango. Kama Fantastic Four wanaishi New York na Spider-Man anaishi New York, kwa nini wasigongane kona ya barabara? Msomaji aliyenunua kitabu kimoja alimkuta ndani yake shujaa wa kitabu kingine, akatamani kukinunua na hicho. Kwa kampuni ilikuwa biashara. Kwa mtoto aliyesoma, ilikuwa dunia moja yenye majirani wanaojuana.

Hulk na Thor walifuata mwaka 1962. Mwaka 1963 ikaja Avengers, na hapa wale wanaobishana kuhusu wahusika wa pembeni wana hoja nzito. Katika toleo la kwanza, Loki, ndugu mbaya wa Thor, anamsingizia Hulk uhalifu. Anayetafuta msaada ni Rick Jones, kijana wa kawaida, rafiki wa Hulk, ambaye pamoja na wenzake wana redio za mawasiliano. Wanawaita Fantastic Four. Loki anaupotosha ujumbe ili umfikie Thor peke yake, lakini Iron Man, Ant-Man na Wasp nao wanaunasa. Wote wanafika, na kundi maarufu kuliko yote linazaliwa. Bila wale vijana na redio zao, mashujaa hawa wasingekutana. Mwaka 1964 Kirby alimrudisha hata Captain America wake, akiokotwa na Avengers ndani ya barafu.

Kilele cha mikutano hiyo kilikuwa harusi. Mwaka 1965, wawili wa Fantastic Four, Reed na Sue, walifunga ndoa katika toleo maalumu. Kirby aliwaleta karibu mashujaa na maadui wote wa Marvel katika vita moja ya mtaani. Katika picha za mwisho, Lee na Kirby wenyewe wanafika mlangoni wakitaka kuingia harusini, na wanafukuzwa kwa sababu hawamo kwenye orodha ya wageni. Wakati ule ulikuwa mzaha tu. Miaka 20 baadaye, kwa upande wa Kirby, mzaha huo ulikuwa umegeuka ukweli.

Mfalme wa Wakanda

Julai 1966 ni tarehe iliyo kwenye toleo la 52 la Fantastic Four. Humo anatokea T'Challa, Black Panther, shujaa wa kwanza mweusi mwenye nguvu za ajabu katika katuni za kampuni kubwa za Marekani. Michoro ya awali ya Kirby ilimwita kwa jina linalomaanisha Chui Milia wa Makaa.

T'Challa anawaalika Fantastic Four nchini mwake, kisha anawawinda mmoja mmoja kama jaribio. Anakaribia kuwashinda wote. Anayemharibia mpango ni Wyatt Wingfoot, mwanafunzi asiye na nguvu yoyote aliyeandamana na rafiki yake. Mtego wote ulitengenezwa kwa ajili ya mashujaa, na hakuna aliyemhesabu rafiki wa shujaa. Katika toleo linalofuata, mfalme na wageni wake wanapigana upande mmoja dhidi ya Klaw, mgeni aliyemuua baba yake T'Challa ili apore vibranium, madini ya Wakanda.

Msomaji wa Katanga hahitaji kufafanuliwa hadithi hiyo. Mwaka huohuo wa 1966, Jadotville ikawa Likasi. Mwishoni mwa mwaka, serikali ya Mobutu iliitwaa Union Minière, na shirika lililokuja kuitwa Gécamines likazaliwa. Miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu kwisha kwa vita vya kujitenga kwa Katanga, vilivyotangazwa katika magazeti ya dunia nzima. Wakanda ni nchi ya kubuni. Ila swali lake, la nani anafaidi kilicho chini ya ardhi ya Mwafrika, lilikuwa swali la kila siku hapa, na mashimo ya shaba na kobalti ya Kamatanda bado yanaliuliza.

Nani aliumba nini

Marvel ya miaka ya 1960 ilikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Mwandishi na mchoraji walizungumza juu ya hadithi, wakati mwingine kwa dakika chache tu. Mchoraji akaenda nyumbani, akachora kitabu chote, akiamua kila tukio na kila sura. Mwandishi akaongeza maneno baadaye. Kwa namna hiyo Kirby aliweza kutoa zaidi ya kurasa 1,000 kwa mwaka, akichora usiku kucha chumbani kwake.

Namna hiyo ilizaa pia ugomvi ambao haujaisha. Stan Lee alijulikana kama baba wa mashujaa wote, akihojiwa na magazeti na vyuo vikuu. Kirby alidai kwamba hadithi nyingi zilitoka kichwani mwake. Lee naye alishikilia kwamba mawazo ya msingi yalikuwa yake. Wasomi wa katuni wangali wanagawanyika. Lisilobishaniwa ni kwamba Lee alikuwa mhariri mwenye mshahara, na Kirby alikuwa kibarua anayelipwa kwa ukurasa, bila hisa katika chochote alichokichora.

Mwaka 1970 aliondoka tena na kwenda DC. Angeweza kudai Superman. Badala yake alipokea kitabu cha Jimmy Olsen, mpigapicha kijana na rafiki wa Superman, mhusika wa pembeni kabisa. Inasimuliwa kwamba alichagua kitabu kisichokuwa na mchoraji wa kudumu ili asimnyang'anye mtu kazi. Ndani ya hadithi hizo za rafiki akaingiza Darkseid, mmoja wa maadui wakubwa wa DC hadi leo, na akawarudisha Newsboy Legion, watoto wauza magazeti aliowabuni na Simon mwaka 1942. Hata hivyo kampuni iliona Superman wake hafanani na yule waliyemzoea, ikaagiza wachoraji wengine wachore upya sura yake.

Vitabu vyake vya New Gods na Forever People vilisimamishwa mwaka 1972 kabla hadithi haijafika mwisho. Katikati ya miaka ya 1970 alirudi Marvel kwa mara ya mwisho, akaandika na kuchora mwenyewe Captain America na Black Panther. Kisha akahamia filamu za katuni za televisheni, ambako kwa mara ya kwanza alipata malipo mazuri na bima ya afya kwa familia yake.

Hata huko kalamu yake ilifika mahali asipopajua. Michoro aliyoifanya kwa filamu ambayo haikutengenezwa ilitumiwa na shirika la kijasusi la Marekani, CIA, mwaka 1980 kuwatorosha Wamarekani sita kutoka Iran kwa kujifanya watengeneza filamu.

Kudai karatasi zake

Katika miaka ya 1980, kampuni zilianza kuwarudishia wachoraji kurasa zao za asili, ambazo wakusanyaji walikuwa tayari kuzinunua kwa bei nzuri. Wachoraji wengine wa Marvel walitakiwa kusaini karatasi fupi. Kirby aliletewa hati ya kurasa nne yenye masharti makali, ikimtaka akane haki zake. Alikataa.

Mvutano ulichukua miaka. Wachoraji na waandishi wenzake, wakiwemo vijana waliojifunza kwa kunakili picha zake, walisaini barua za kumtetea hadharani. Mwaka 1987 alirudishiwa karibu kurasa 2,000. Alikuwa ameichorea kampuni hiyo kurasa zinazokadiriwa kupita 10,000.

Alifariki kwa ugonjwa wa moyo Februari 6, 1994, nyumbani kwake Thousand Oaks, California, akiwa na miaka 76. Mwaka uliofuata Marvel na DC zilitoa kitabu cha pamoja ambamo Galactus, aliyezaliwa Marvel, anakutana na Darkseid wa DC. Wote wawili ni viumbe vya Kirby, na makubaliano ya kuwakutanisha yalikuwa ya kampuni.

Mwaka 2009 Disney iliinunua Marvel kwa takriban dola bilioni 4. Mwaka huohuo watoto wa Kirby walianza kudai haki za kazi ya baba yao. Mahakama ziliwakatalia mara mbili, zikisema ilikuwa kazi ya kuajiriwa. Wakakata rufaa hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na Septemba 2014, siku chache kabla majaji hawajaamua kama watasikiliza shauri hilo, pande mbili zilipatana. Kiasi cha fedha hakikutangazwa.

Filamu ya Black Panther ilipotoka mwaka 2018, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. Kwenye maandishi ya filamu yanatajwa majina mawili ya waliombuni mfalme wa Wakanda: Stan Lee na Jack Kirby. Yako pale kwa atakayekaa kitini hadi maandishi yaishe, na pengine yafaa kutajwa pia Kamatanda, ubishi wa jioni ukianza upya.